Nilimtunza Mwalimu wa Hula

Mpendwa Bi Rukiya, nakuandikia kwa haya nyingi, naomba unisaidie, maana mwanangu Nunu wa miaka kumi na saba wiki ya pili sasa hanisemeshi na kosa ni langu. Anajifunza hula, ngoma ya Hawaii, kwa mwalimu anaitwa Kehau aliyeolewa hapa Birmingham, na mie nilimwachia nikidhani ni mambo ya sketi za majani kama kwenye matangazo ya likizo, basi Oktoba hii wakafanya onyesho, nikavaa dera langu jipya nikaenda na wifi yangu. Mwalimu akatoka peke yake, mtu anampigia ngoma ya kibuyu na kuimba, kiuno kinakwenda polepole, uzuri wake sijui nikwambieje, nami mtoto wa Unguja nimekulia kwenye taarabu, nikashindwa kukaa, nikainuka na vigelegele, nikamfuata mbele nikicheza, nikambandika noti ya pauni kumi kwenye paji la uso. Alicheza mpaka mwisho machozi yanamtoka, kisha akaiokota noti chini akanirudishia kwa mikono miwili. Zamu ya Nunu ilikuwa inafuata, akakataa kupanda. Tukiwa ndani ya basi akaniambia, “Mum, it's not a show! Mwalimu alikuwa anamtaja bibi yake aliyemfundisha. She died in August.” Sasa hataki kurudi darasani, anaona aibu. Nimlazimishe?

Maisara, Alum Rock

Maisara mwenzangu,

Pole. Kutunza kwetu, kumpa mchezaji pesa mbele za watu, ni heshima, najua hukuwa na nia mbaya. Lakini uliona kiuno ukajua umeshaelewa! Hula inasomwa mikononi, dada. Kabla watu wa Hawaii hawajaanza kuandika, nasaba zao na habari za wafalme wao zilikaa kwenye nyimbo hizo na kwenye miili iliyozicheza. Wamisionari walipokuja wakaziita uchafu, na wako wazee walioendelea kuzifundisha kwa siri majumbani. Ndiyo maana jina la aliyekufundisha si jambo dogo.

Wewe umeona maulidi ya homu. Watu wamepiga magoti kwa safu, wanayumba, mikono inapanda na kushuka, kasida inasomwa. Uliwahi kumbandika mmoja wao noti? Thubutu!

Usimlazimishe Nunu. Aliyekosea ni wewe, mbona unataka mtoto ndiye atangulie? Jumamosi hii nenda mwenyewe kabla darasa halijaanza, bila wifi, bila bahasha. Mwambie mwalimu kwamba kwenu aliyekukosha roho hutunzwa, kwamba hukujua, na umwombe radhi. Kisha muulize habari za bibi yake, unyamaze umsikilize. Ukirudi, mwambie Nunu umekwenda, basi. Darasani atarudi akiwa tayari.

Tena kuna kitu kimeniuma. Barua nzima umenieleza dera, wifi na noti, hujaniambia mwanao alikuwa acheze nini. Hukumuuliza. Muulize leo, kabla hajazoea kukaa bila kukwambia.