Picha ya Bega

2 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua chako kimepata nafuu. Mimi ni mzima, isipokuwa bega la kulia. Mume wangu aliukunja mkono wangu mgongoni mpaka kitu kikalia ndani kama ukuni mkavu, kwa sababu mchuzi ulizidi chumvi. Simu aliipasua ukutani. Naandika kwa mkono wa kushoto. Unijibu kupitia jirani mshonaji.

Alhamisi ya wiki ijayo, hospitalini, watanidunga sindano ya rangi ndani ya kiungo, kisha waniingize kwenye mashine ya sumaku wapige picha. Nivae gauni pana, nisiwe na chuma mwilini, na awepo mtu wa kunirudisha nyumbani. Mtu huyo ni yeye. Ameniambia, "Ulianguka ngazini. Ukisema lingine, na la kushoto nitaling'oa."

Nyumba yetu haina ngazi, Mama.

Bintiyo

5 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua hakijambo, hasira ndiyo inayonikohoza. Waambie penisilini ilikuvimbisha uso utotoni. Pete ivue mapema kwa sabuni, usingoje siku yenyewe. Ukiulizwa, sema kweli. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mama yako

9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Hamjambo huko? Alinikuta nikiivua pete kwenye beseni, akadhani namkimbia. Aliulaza mkono wangu wa kulia kwenye kizingiti akaubamiza mlango. Kisha tena. Kidole kimevimba, pete imezama nyamani. Sasa analia, ananiletea maji, ananiita malkia.

Chumba cha mashine mgonjwa huingia peke yake. Humo nitasema. Lakini nikitoka, Mama, atakuwa mlangoni ananingoja.

Bintiyo

12 Machi

Mwanangu,

Pole kwa sindano. Karatasi hii atakupa muuguzi aliyeikata pete yako. Ameniambia kando umesema yote, na polisi wameitwa. Tusiwangojee.

Nimeketi mapokezi, bega kwa bega na mumeo, karatasi nimeikinga kwa mkoba asiisome. Alishtuka kuniona, akaniamkia kwa adabu. Nikamwuliza, "Mke wako amepatwa na nini?" Akasema, "Ngazi, Mama." Mkobani nina mchi. Mkono unaniwasha, nimeukalia.

Kaka yako ameegesha gari nyuma, kwenye mlango wa chumba cha kufulia nguo. Mimi nabaki hapa kumwuliza habari za hiyo ngazi, moja baada ya nyingine, mpaka mfike mbali.

Viatu vyako mumeo amevipakata, anavifuta vumbi. Njoo pekupeku.

Mama yako