Transfoma Niliyoisuka kwa Umeme wa Sitini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Himeji, 14 Novemba 2019, saa 9:05 alasiri

Jina: Nishiwaki Kanjiro. Umri: miaka 79. Kazi: fundi transfoma mstaafu. Makazi: Himeji, peke yangu.

Marehemu Iwasa Heihachi alikuwa rafiki yangu wa redio kwa miaka arobaini; kila mmoja alikuwa na mtambo wake nyumbani, tukizungumza hewani. Mwaka 1983 nilimsukia transfoma ya amplifaya ya kukuza sauti yake hewani. Umeme wa huku magharibi hupiga mara sitini kwa sekunde, wa mashariki mara hamsini. Umeme wa hamsini huhitaji chuma kingi zaidi ndani ya transfoma; mimi nilibania chuma, kikatosha kwa sitini tu. Nani alifikiri Iwasa angehama?

Mnamo tarehe 2 Oktoba alihamia Sendai, huko mashariki, kwa binti yake, Chinatsu. Kabla ya kufunga mizigo aliniuliza, "Fundi, hili dubwana lako litakubali umeme wa kule?"

Nilijua transfoma itapata moto. Nikamjibu, "Litakubali. Wewe ndiye mbishi, si lenyewe."

Bila amplifaya sauti yake isingenifikia. Simu tunazo, lakini kwenye simu tuliulizana afya tu, tukakata. Redioni, kila siku saa kumi jioni, aliniuliza nimekula nini. Tangu mke wangu afariki hakuna mwingine anayeniuliza.

Tarehe 9 Novemba alisema, "Fundi, linanguruma, na ukiligusa linachoma."

Nikamwambia awashe feni. Nilipaswa kumwambia azime.

Tarehe 11 Novemba, saa 10:12 jioni, alikuwa akinitania: "Supu ya figili tena? Utaota majani, mzee! Kesho naanua matunda yangu ya kaki niliyoanika, nikutumie." Sauti ikakatika hapo. Nilimwita hadi saa mbili usiku.

Mnasema banda lake la redio liliteketea naye akiwa ndani, na lilifungwa kwa ndani. Alilifunga kila siku, paka asiingie. Jana Chinatsu alinipigia akilia: "Mjomba, baba alijichoma? Alichoka kuishi na mimi?" Sikumwambia ninalolijua, Mungu anisamehe. Hakujichoma. Mtu anayengoja kuanua kaki hajiui. Transfoma ndiyo iliyowaka, na aliyemdanganya ni mimi. Naomba Chinatsu asomewe maneno haya kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nimesomewa maelezo yangu na ni ya kweli.

(Sahihi) Nishiwaki Kanjiro

Maelezo ya askari: Yameandikwa nami, Sajini Oda. Shahidi alitia sahihi saa 9:50, akakataa chai, akaomba aruhusiwe kuwahi nyumbani. Nilipomuuliza kuna nini, alisema saa kumi inakaribia.