Kovu la Uji Kwenye Bega Lako

Senge, shangazi yangu mpendwa,

Nakusihi, haya yasomwe na macho yako peke yako. Hata baba usimwambie, ingawa ni kaka yako. Yakifika ofisini kabla sijajikaza kuyasema mwenyewe, nimekwisha.

Picha uliyokuja kuiuliza ipo.

Unakumbuka kule Bokoli, mto ukifurika, ulivyonivusha mgongoni kwenda shule? Nilishika bega lako, kidole gumba juu ya lile kovu la uji wa moto uliokumwagikia utotoni. Ukanisimulia habari za mama Mzungu wa shamba la Kiminini aliyekukalisha kando ya tangi la maji. "Nilikaa mpaka shingo ikawa ubao," ulicheka. "Akanichora, halafu asinionyeshe!"

Mwezi uliopita nilikuwa nikiziandikia kadi picha za zamani hapa makumbusho, Kitale. Mlima Elgon na mashamba ya mahindi. Wazungu wenye masharubu. Kisha michoro ya watu waliokalishwa ili wachorwe. Nikageuza karatasi moja, nikaliona kovu. Msichana amekaa, mgongo wazi, shingo ameigeuza.

Mkuu wangu akachungulia. "Ala! Huyu alisahau nguo mtoni? Si ni wa kwenu Bungoma, karani?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, Senge. Kwenye kadi nikaandika: Mwanamke, jina halijulikani.

Wiki iliyofuata ukaja kutoka Sirisia na kikapu cha ndizi. "Ati mko na picha za wakati wa Wazungu? Si unitafutie yangu." Mkuu alikuwa nyuma yangu. Nikakuita "mama", kama mgeni yeyote, nikasema hakuna picha kama hiyo. Ulinitazama kidogo, ukaweka ndizi mezani. "Basi kuleni, vijana."

Walikula. Mimi sikuweza.

Kadi zitapigwa chapa mwisho wa mwezi. Jina huongezwa tu mchorwa au jamaa yake akitia sahihi. Kalamu nimeishika mara tatu nikaiweka. Naogopa kicheko, naogopa kazi. Tena sitaki kuandika jina lako, Nekesa, chini ya mgongo ule kabla hujauona mwenyewe na kukubali.

Usiandike kwa anwani ya ofisi. Acha neno kwa yule fundi Singasinga anayekushonea pale Bungoma. Mimi hupita kwake kila Jumamosi. Au njoo Jumatano yoyote asubuhi, kwa mlango wa mbele. Useme umemfuata mtoto wa kaka yako. Watageuka wanitazame.

Safari hii nitaitika.

Mtoto uliyemvusha mto