Jina Lililogomesha Tovuti ya Hekalu

Tainan, siku kumi kabla ya mwaka mpya

Mdogo wangu Chih-yuan,

Mimi mzima, bado natengeneza programu za watu. Juzi tovuti ya hekalu letu iligoma: ukifungua orodha ya wanaowashiwa taa za kuombewa usalama, ukurasa unatoka mweupe. Nikayapunguza majina nusu kwa nusu mpaka likabaki moja lenye kosa. Lako. Kila jina huandikwa na tarehe ya kuzaliwa, nawe ulizaliwa mwezi wa nane wa nyongeza, ambao kalenda yetu ya kufuata mwandamo wa mwezi huuleta mara chache, nami nilipoandika programu niliusahau.

"Lifute hilo moja, binti," mzee Lo wa hekaluni akanihimiza. "Watu wanasubiri!"

"Lifute wewe kama unaweza!" nikamjibu. Nikakaa mpaka jioni nikiufundisha mtambo mwezi wako.

Sikukuandikisha mimi. Ni Mama, yuleyule ambaye kwa miaka sita tangu mgombane huwaambia wageni ana mtoto mmoja tu. Nilipomuuliza, alinifokea: "Kaoshe vyombo!"

Taa yako inawaka, Chih-yuan. Na kwenye nafasi ya mahali unapoishi, Mama ameandika nyumba hii.

Dada yako anayekungoja,
Wan-ju