Flashi, Filamu Yako Imesafishwa

Mwaka umetimia leo, Flashi binti yetu, tangu Jumapili ile ulipokula chakula cha mchana umesimama, kamera tayari shingoni, ukasema, "Mama, nawahi, leo wanapiga muziki wa bluzi." Hukurudi. Tumekulilia vya kutosha, na tutaendelea. Lakini leo tuna habari, na mama yako ndiye anayeiandika.

Kwa wasiokujua, jina la Flashi lilikuwa la utani, maana flashi hukuwahi kuiwasha. Ulisema mtu anayeimba amefumba macho, ukimmulika usoni umemwamsha usingizini. Ulipiga kwa mwanga uleule wa jukwaani, ukasubiri ngoma ilie ndipo ubonyeze, mlio wa kamera usisikike. Siku za kazi ulikuwa kwenye duka la miwani, ukiwapima watu macho. Onyesho likiwepo ulikuwa mbele kabisa, umepiga goti. Na kila mwanamuziki ulimpelekea picha yake mkononi, nyuma umeandika alikuwa akipiga wimbo gani. Wapiga ngoma, ambao kila mtu huwasahau kule nyuma, ndio uliowapelekea kwanza.

Mama yako anakiri hapa mbele za watu. Ndiye aliyefungua kifuniko cha nyuma cha kamera yako apanguse vumbi, filamu ikiwa ndani. Mwanga ukaingia, picha za onyesho zima zikaungua. Ulikaa chini sakafuni. "Mama! Bendi nzima umeifuta kwa kitambaa!" Kisha ukacheka mpaka ukakohoa. Tangu siku hiyo, kila ulipotia filamu mpya ulibandika plasta nyeusi juu ya kifuniko na kuandika: MAMA, HAPANA.

Jumapili ile dawa yako ya pumu, ile ya kuvuta, ilibaki juu ya friji. Kule jukwaani wakawasha mashine ya moshi. Wewe moshi uliupenda, ulisema mwanga ukipita ndani yake picha inapata uhai, basi badala ya kurudi nyuma ukasogea. Kifua kikabana. Walikukimbiza hospitali, hukufika.

Wazazi wenzangu, mama huyu anawaomba. Mtoto mwenye pumu, hata awe na miaka thelathini na kazi yake, mkague dawa mfukoni kabla hajavuka mlango. Atakwambia, "Mama, mimi si mtoto." Mkague hivyo hivyo. Akinuna, anune. Atanuna akiwa hai. Nanyi wenye kumbi, mkitaka kuwasha moshi, tangazeni mapema, mwenye kifua chake ajue pa kukaa.

Siku ya mazishi mpiga gitaa wa bendi ile alimfuata mama yako, kofia mkononi. "Mama, kabla hatujaanza nilimnyang'anya kamera. Nikamwambia, na wewe leo uonekane. Nikabonyeza mara moja tu. Sijui kama ilitoka."

Mama yako hakupata usingizi tena. Maana picha yako ya ukubwani tulikuwa na moja, ya kitambulisho, umenuna kama mtu aliyekanyagwa kidole. Miaka yote hiyo wewe ulikuwa nyuma ya kamera! Picha ile moja, kama ipo, ilikuwa ndani ya filamu ya Jumapili ile, bado kwenye kamera, chini ya plasta. Na mama yako anajua mkono wake ulivyo.

Miezi kumi na moja kamera ilikaa kabatini, imefungwa ndani ya kanga tatu.

"Mama, tuisafishe hiyo filamu, tuone picha," kaka yako alisema.

"Ikiungua?"

"Na isipoungua?"

Basi tukamwita Mzee wa Studio, aliyekufundisha kazi ya picha. Studio yake aliifunga zamani, lakini alikuja na chupa zake za dawa za kusafishia filamu, anatembea haraka kuliko kaka yako. Bafu letu likawa chumba cha giza: blanketi dirishani, shuka chini ya mlango. Mama yako akaweka kigoda nje, akalinda. Baba yako akaja na sabuni.

"Nanawa tu."

"Baba Flashi, ukigusa hicho kitasa tutaachana!"

"Mke wangu, nina grisi mpaka viwikoni."

"Nawa uani!"

Akaenda uani, ananung'unika, na hakunawa. Alirudi akasimama pale pale na grisi yake.

Mzee wa Studio alitoka na utepe wa filamu unaochuruzika maji, akauinua dirishani. Picha zimo! Zote thelathini na sita zimo, Flashi! Tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amejifungua. Mama yako akatazama, akashtuka: "Mbona wote wana mvi?"

"Ni negativu hiyo, mama. Nyeusi huonekana nyeupe. Subiri niziweke kwenye karatasi."

"Yeye yuko wapi?"

Mzee alihesabu kwa ukucha. "Ya tatu. Huyu hapa."

Alipoiweka kwenye karatasi alianza kuomba radhi kama vile kosa ni lake. Mpiga gitaa hakujua kurekebisha lenzi ili sura itoke wazi. Kilichotoka safi ni stendi ya maikrofoni iliyo nyuma yako, unaweza kuhesabu skrubu zake. Wewe mwenyewe una ukungu. Umefungua mdomo, unacheka, mkono umenyooshwa mbele kudai kamera yako, na vidole vimekimbia mpaka nje ya picha. Wewe ungeitupa siku hiyo hiyo.

"Haikutulia," Mzee alisema.

Mama yako aliishika kwa pembe, kama ulivyomfundisha. "Mzee wangu," akasema, "huyu mtoto alitulia lini?"

Basi ndiyo hiyo tuliyoiweka juu ya tangazo hili. Watu wa gazeti wametupigia simu mara mbili, wanauliza kama tuna nyingine iliyo wazi zaidi. Tumewajibu hatuna, na tungekuwa nayo tusingewapa.

Unakumbukwa na mama yako, baba yako ambaye ni fundi wa baiskeli, kaka yako, Mzee wa Studio, wenzako wa duka la miwani, na bendi nzima, wapiga ngoma wakiwa wa kwanza.

Umo mioyoni mwetu, binti yetu, leo na siku zote tutakazopewa.