Pale Sindano Inaporuka

Ipogolo, Iringa

Mjukuu wangu Neema,

Sisi tu wazima. Bibi yako yuko shambani anapalilia. Umeniuliza kutoka Mbalizi kama uninunulie CD za muziki wa roki, hizi santuri kuukuu tuzitupe. Kweli, CD ina sauti safi. Hata pumzi ya mwimbaji utaisikia. Santuri tuipendayo ina mkwaruzo, na sindano ikifika hapo huruka mstari mzima. Ujanani tuliucheza wimbo hivyo hivyo, nasi tukiruka pale sindano inaporuka. Baadaye tukaletewa CD yake. Bibi yako akaruka, muziki ukaendelea tu.

"Baba Upendo, zima!" akaniambia. "Hawa wameongeza maneno!"

Nunua CD, nitazisikiliza. Ila santuri ziache. Bibi yako bado huruka palepale, na sitaki muziki umwache hewani.

Babu yako