Wamemwandika Amepona

Jumapili, 9 Februari
Hospitali wamepiga simu. Ule utafiti wa dawa za bakteria kwenye damu, aliokuwemo mume wangu, umekwisha. Yeye wamemwandika: amepona. Amepona! Damu ni safi, kweli. Ila dawa imeondoka na masikio yake.

Sasa Daktari Pratiksha, mkuu wa utafiti, anawaita wagonjwa hospitalini waseme wenyewe kupona ni nini. Nikamwandikia mume wangu, Hiraman, kwenye karatasi. Akajibu kwa sauti mpaka jirani akachungulia: "Nitajibuje nisiyesikia swali? Nenda wewe, mama Rojina."

Jumamosi, 15 Februari
Wenzake Hiraman wamempitia waende kuimba hekaluni. Kagoma. Yeye ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Wamekunywa chai harakaharaka, wakaondoka. Chiura yake, ule mchele wa kupondwa, iko palepale, hajaigusa.

Jumatatu, 17 Februari
Nimerudi kutoka hospitali.

Tulipewa kadi tuzipange, hali njema juu, mbaya chini. Mzima kabisa. Figo mbovu. Kiziwi. Amefariki. Daktari akasema dawa zijazo zitapimwa kwa mpangilio huo. Yaani kiziwi akiwekwa juu, dawa ile itaonekana nzuri!

Nikaiweka kadi ya kiziwi chini kabisa, ubavuni mwa kifo. Ndivyo ninavyoona nyumbani.

Kando yangu alikaa mzee Astaman. Mkewe alifia kwenye utafiti huohuo. Akaitazama kadi yangu.

"Binti, wako yupo?"

"Yupo, baba."

"Anakula? Anakugombeza?"

"Ananigombeza."

"Basi. Wangu angerudi kiziwi, ningempokea getini kwa ngoma." Halafu akalia — mzee mzima, mbele ya watu.

Nikaipandisha kadi. Juu, mara tu chini ya mzima kabisa.

Daktari akainama, akaniuliza taratibu: umeipandisha kwa kuwa unaamini hivyo, au kwa kumwonea mzee huruma? Aliniruhusu niirudishe. Sikuirudisha. Wakazikusanya.

Saa hii Hiraman, niliyemwandikia habari za kadi nilipofika, ametoka ndani, kaketi mbele yangu. Amenyoa ndevu! Tangu atoke hospitali alikuwa hajanyoa. Anauliza kwa sauti ile kubwa, mtaa mzima unasikia: "Haya, mimi umeniweka wapi?"

Nimemwonyesha kwa mkono: juu.

Hacheki. "Juu ya nani?"

Ananinyooshea karatasi, anataka nimwandikie jina, na aliye chini yake ni marehemu mke wa mzee Astaman.